Jumba la kwa Mzungu

Dalali alinipigia simu nikiwa Ipogolo nasubiri bajaji ya kupanda mjini. Anayepajua pale anajua kelele zake: malori ya Tunduma yanapumua, wauza mahindi ya kuchoma wanakimbilia madirisha ya mabasi, na Iringa yenyewe iko juu kilimani, kama haihusiki. Ilibidi nizibe sikio moja.

"Msomi, si unasoma historia wewe? Nina kazi yako ndogo."

Kazi ilikuwa aya moja. Jumba la kale limekarabatiwa, linauzwa pamoja na shamba lake, kilomita chache kutoka Ipogolo ukiiacha lami na kushika barabara ya vumbi. Picha zilikuwa tayari. Kilichokosekana ni historia. "Weka Wajerumani, weka mwaka," akasema. "Mnunuzi aone kinachouzwa kina hadhi." Ujira wake ungetosha kuchapa na kujalidi tasnifu yangu ya uzamili, kwa hiyo nilikubali kabla bajaji haijafika.

Sikumwambia kwamba jumba lile nalijua tangu utotoni. Kwetu linaitwa "kwa Mzungu", ingawa hakuna Mzungu aliyelala mle tangu kabla mama yangu hajaolewa. Baba yake bibi alifyatua matofali yake. Amezikwa nyuma yake.

Nilikwenda kulitazama upya, nikijidai ni mtafiti. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, baraza imezunguka pande tatu, dohani mbili, bati jipya jekundu. Mmiliki wa sasa, mfanyabiashara, ametumia fedha nyingi na anastahili kupongezwa, maana miaka kumi iliyopita popo ndio waliokuwa wapangaji. Ila mafundi walibandua lipu ya zamani ya chokaa wakapiga saruji. Ukuta wa matofali laini hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kupitia chokaa. Ukiufunika kwa saruji, maji hukosa pa kutokea. Masika moja tu yamepita, na tayari nyuma ya makabati ya jikoni kuna ramani ya unyevu inayopanda.

Niliporudi nikaanza kuandika aya yangu. Nikakwama kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu kila nilipoandika "ilijengwa" nilijiuliza: juu ya ardhi ya nani?

Historia ya umiliki huku kwetu haianzii kwenye hati. Tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani waliibomoa ngome ya Mkwawa pale Kalenga. Mwaka 1895, wakati Mkwawa bado yuko porini anapigana, serikali ya Kaisari ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Mwaka 1896 Tom von Prince akaanzisha mji mpya juu ya kilima, ndio Iringa hii tunayoipandia bajaji. Mkwawa alijiua Julai 1898. Kwa hiyo amri ya kusema ardhi haina mwenyewe iliandikwa wakati mwenyewe bado anatafutwa kwa bunduki.

Ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliposhika nchi, mashamba ya Wajerumani yalihesabiwa mali ya adui, yakakabidhiwa kwa msimamizi maalumu na kuuzwa. Sheria ya Ardhi ya 1923 ikatangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, huku hati za Wajerumani zilizokwishatolewa zikiachwa ziendelee. Mwaka 1925 marufuku ya Wajerumani kurudi iliondolewa, na wengi walirudi kutafuta nyanda za baridi kama zetu. Mmoja wao ndiye aliyejenga jumba hili katika miaka ya 1930. Mwaka 1939 vita vikazuka tena, akakamatwa kama wenzake, na shamba likawa mali ya adui kwa mara nyingine. Baadaye alikuja Mgiriki wa tumbaku, kama Wagiriki wengi wa Iringa wa wakati ule. Huyo ndiye Mzungu ambaye bibi anamkumbuka, kwa sababu akiwa msichana alifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti kabla hayajaingia kwenye mabani ya kukaushia.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, Bunge lilifuta milki zile za kudumu na kuzigeuza kuwa za kupanga kwa serikali kwa miaka 99. Hati ya jumba hili, ambayo dalali alinionyesha kwenye simu yake kwa fahari, inahesabu kutoka hapo, na miaka 99 hiyo inaishia 2062. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na asiye raia hawezi kumilikishwa isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa hiyo mtu wa Ulaya anayetazama picha zile na kuota kustaafu barazani anauziwa kuta, bati, na miaka iliyobaki.

Niliyaandika hayo kwa ufupi. Kisha nikaenda kwa bibi.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene. Umekonda, chuo hawali?"

Nilimsomea rasimu. Alisikiliza mpaka mwisho huku akipukuchua mahindi, kisha akauliza, "Baba yangu umemweka wapi?"

Sikuwa nimemweka. Nilikuwa na von Prince, Kaisari, Bunge na Rais. Sikuwa na mtu aliyekanyaga udongo.

Akanisimulia, kama alivyosimuliwa naye. Kodi ya kichwa ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa kwa Mzungu. Ulipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku thelathini, na siku ambayo nyapara hakuridhika haikuwekwa alama. Baba yake alitumia siku nyingi kukimaliza kipande kimoja cha siku thelathini. Udongo ulitoka bondeni, maji mtoni, kuni za tanuru msituni, na usiku mtu alilala kando ya moto asije akazembea ukapoa. Waliokufa pale wakati wa ujenzi na baadaye walizikwa nyuma, penye miti. Makaburi manne anayajua kwa majina. La baba yake ndilo la mwisho.

"Sasa pale wamepanda majani ya kukatwa kwa mashine," akasema. "Makaburi hayana saruji, hayana msalaba. Anayenunua atajuaje?"

Nikaongeza sentensi moja: *Nyuma ya nyumba yapo makaburi manne ya wafanyakazi waliolijenga na kulitumikia shamba, ambayo familia zao huyatembelea.*

Dalali alinipigia baada ya dakika ishirini. Hakukasirika. Alikuwa na sauti ya mtu anayemwelekeza mdogo wake. "Msomi, umeandika vizuri sana, ila ile ya makaburi toa. Mteja akisikia makaburi anakimbia."

"Kaka, asiposikia sasa atasikia akichimba bwawa la kuogelea."

"Hapo si juu yetu tena."

Nilimkumbusha kwamba kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na kwamba makaburi hayafukuliwi kwa matakwa ya mwenye nyumba. Akasema yeye si mwanasheria. Alilipa nusu. Tangazo lilitoka na Wajerumani, na mwaka, na neno "hadhi" mara mbili.

Nimejiuliza kama nilitaka makubwa mno. Majengo ya Kijerumani ya Iringa si ya zamani kiasi cha kulindwa yenyewe na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mpaka waziri alitangaze, jengo kama hili ni mali ya kawaida, na mwenye mali anasimulia anachotaka. Lakini mjini juu lipo Boma, nalo la enzi za Wajerumani. Lilikarabatiwa kupitia mradi wa Fahari Yetu wa Chuo Kikuu cha Iringa, na tangu 2016 ni makumbusho. Ukiingia unakutana na watu wa mkoa huu, vyombo vyao na vita vyao, ndani ya kuta za mtawala aliyewapiga. Kwa hiyo kukarabati na kukumbuka vinaweza kufanyika pamoja. Inategemea anayeshika kalamu analipwa na nani.

Bibi hakusubiri tangazo. Alikwenda ofisi ya kijiji na wazee wenzake wawili, wakataja majina manne, na mtendaji akayaandika kwenye muhtasari wa mkutano na kupiga muhuri. Nakala ninayo. Yeyote atakayenunua atalazimika kupita ofisi ile kujitambulisha, na atasomewa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kupalilia. Mlinzi ni kijana wa kwetu, alitufungulia geti bila neno na kumsaidia bibi kushuka ngazi za baraza. Tulipanga mawe kuzunguka makaburi yote manne, mawe makubwa, yasiyopitika kwa mashine ya kukata majani. Bibi aliponyanyuka aliutazama ukuta wa nyuma, pale lipu mpya ilipoanza kuvimba.

"Wangeniuliza," akasema, "ningewaambia baba alikuwa anachanganya na nini."