Hii Si Toi, Huu Ni Mtepe

Wasee, kabla mniulize tena kwenye komenti kama nimepata kazi: bado. Nilicho nacho ni meza moja kwenye roshani ya nyumba ya mamangu huku Eastlands, msumeno mdogo na jiriwa ya mtumba kutoka Gikomba, msasa, na mashua ya urefu wa mita moja ambayo haijaisha tangu Januari. Mama anaiita "hiyo kitu yako". Mjomba anaiita toi. Naandika hii kwa sababu ya mjomba, ingawa najua hasomi.

Nilianza vile watu wengi huanza siku hizi, kwa simu, usiku, bila usingizi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili (hiyo stori nilishawapa, sirudii) na nikajikuta naangalia vidio za wazee wa Ulaya wanaojenga meli za mbao kwenye gereji zao. Wengi hujenga HMS Victory, meli ya Nelson kwenye vita vya Trafalgar, 1805. Sanduku linakuja na kila kitu: mataruma yamekatwa tayari, mbao nyembamba kama kijiti cha aiskrimu, kamba, vimizinga vya shaba. Mzee anakaa nayo miaka miwili, mitatu. Haongei sana. Manze, nilitulia kuliko nilivyokuwa nimetulia mwaka mzima.

Nikatafuta bei ya sanduku. Nikafunga simu.

Halafu usiku huo huo nikajiuliza swali lililonikera. Najua Victory ina milingoti mitatu. Najua Nelson alipigwa risasi akiwa juu ya sitaha. Lakini ukiniuliza chombo gani kilikuwa kinabeba boriti kutoka Lamu kwenda Zanzibar wakati wa babu wa babu zetu, ningesema "jahazi" na kunyamaza. Mimi, Mkenya.

Kwanza nimjibu mjomba. Watu wamejenga mashua ndogo za mbao tangu kitambo, na si kwa kucheza. Kaburi la Tutankhamun, lile lililofunguliwa 1922 kule Misri, lilikuwa na mashua za mfano 35, za kumsafirisha mfalme huko aendako. Uingereza, karne ya 17, jeshi la majini lilikuwa na meli za mfano zilizotengenezwa kwa vipimo kamili, upande wa chini ukiachwa wazi uone mataruma yalivyopangwa. Na hii ndiyo inanimaliza: kati ya 1797 na 1814, pale Norman Cross huko Uingereza, kulikuwa na kambi ya wafungwa wa vita, wengi wao Wafaransa. Hawana kazi, hawana pesa, hawajui watatoka lini. Wakachukua mifupa iliyobaki kwenye nyama waliyopewa, wakachonga meli nzima, wakawauzia watu wa mtaa uliowazunguka. Meli hizo leo ziko kwenye makumbusho. Kwa hivyo kijana asiye na kazi na meza ya mbao si jambo geni kwenye historia, mjomba.

Sasa, mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu, hasa mikononi mwa Wabajuni. Mkubwa ulifika karibu mita 20. Mbao zake hazikushikwa kwa misumari. Zilishonwa kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za kumbi la nazi, ubao kwa ubao, kama unavyoshona nguo. Tanga lake halikuwa la pembe tatu kama la jahazi. Lilikuwa la mraba, limesukwa kwa miaa kama jamvi. Mbele lilichomoza shingo lenye umbo la kichwa, na watu wa pwani walisema ni kichwa cha ngamia wa Mtume. Kando lilichorwa macho. Ulishuka kusini na upepo wa kaskazi ukiwa umejaa boriti za mikoko, ukarudi na kusi.

Kushona mashua ni kazi ya kale sana pwani hii. Kuna kitabu kinaitwa Periplus, mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1. Kinataja mji wa Rhapta, mbali kusini kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kinasema mji umepata jina kutokana na mashua za kushonwa. Sisemi ilikuwa mitepe. Miaka 1,900 ni mingi na mashua hubadilika. Lakini sindano na kamba zilikuwepo.

Kwa nini washone na chuma kipo? Mabaharia wa Bahari Hindi walikuwa na hadithi kali kwamba baharini kuna mwamba wa sumaku, ukipita na misumari inang'oka yote na meli inafunguka kama maua. Ningependa iwe kweli, ingepata vyuzi. Sababu za kawaida ni mbili: chuma kilikuwa ghali na minazi iko kila mahali. Tena chombo kilichoshonwa hujipinda kidogo. Pwani yetu maji yanatoka, chombo kinakaa mchangani, kinapakiwa, maji yanarudi. Ubao uliopigiliwa ukigonga mchanga unapasuka. Ulioshonwa unanyumbuka.

Ila usinisikie nikiutukuza. Mtepe ulivuja. Safarini kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuteka maji na kuyamwaga nje, mchana na usiku, na kamba zikichoka unashona upya. Misumari iliposhuka bei na majahazi yakawa mengi, hesabu ikakataa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe ilikuwa imebaki michache, halafu haikuwepo.

Na hapa ndipo mambo yanakuwa mazito. Desemba iliyopita nilienda Lamu kwa basi, nikafika Matondoni, kijiji ambacho hadi leo wanajenga majahazi. Nikamkuta mzee mmoja kivulini na tezo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza kama ana mchoro wa jahazi analojenga, hata karatasi tu yenye vipimo. Akaniangalia kama nimemuuliza kama ana mchoro wa kutembea.

"Mchoro wa nini? Chombo ki machoni."

Nikamuuliza kuhusu mtepe. Hajawahi kuuona ukishonwa. Babake alikuwa akiusimulia, basi.

Mnaona shida? Ujuzi wote ulikuwa machoni na mikononi. Hakuna aliyechora kwa sababu hakuna aliyehitaji kuchora. Fundi wa mwisho wa mtepe alipokufa, chombo kilikufa naye. Tulichobaki nacho ni picha chache za zamani, maandishi ya wageni, na mifano. Toi, kwa lugha ya mjomba. Pale Makumbusho ya Lamu kuna mfano wa mtepe, na nilisimama mbele yake hadi askari akaanza kunishuku. Nilichora kwenye daftari la mihadhara ya uhasibu, upande wa pili wa karatasi. Hiyo ndiyo kazi ya maana daftari hilo limefanya.

Lakini mfano pia unaweza kudanganya, na hili nilijifunza kwa aibu. Mashua yangu ya kwanza niliijenga haraka, ndogo, nikaipiga gundi, nikachora mishono kwa kalamu ya wino, nikaweka tanga la pembe tatu kwa sababu ndilo ninaloliona kwenye postikadi. Nikaposti: "Mtepe wa mababu zetu." Watu wakashea kama wazimu. Siku ya tatu mtu mmoja wa pwani akaandika mstari mmoja tu: tanga la mtepe ni la mraba, mwanangu, na hilo uliloweka ni la jahazi. Hakutusi. Afadhali angetusi. Maelfu ya watu walikuwa wameona mtepe kwa mara ya kwanza maishani, na walichoona si mtepe. Fikiria fundi wa zamani aliyemchongea mgeni pambo, akafupisha hapa, akanenepesha pale ili lipendeze, na leo sisi tunalipima kwa rula tukiamini. Niliiacha vidio ile na marekebisho juu yake. Kuifuta kungekuwa uongo wa pili.

Kwa hivyo wa pili nashona kweli. Kipimo ni moja kwa ishirini, ndiyo maana una mita moja na unakula meza yote. Tundu la sentimita moja kwenye mtepe halisi linakuwa nusu milimita kwangu. Keekee ndogo niliyonunua ilivunja sindano nne siku ya kwanza, nikaishia kupasha sindano ya kushonea kwenye jiko la gesi na kutoboa kwa moto. Ubao mmoja una matundu 160. Mbao ni za makreti ya matunda, nimezilamba na msasa hadi zikafika milimita mbili. Usumba nimeutoa kwenye zulia la mlangoni, yale magumu ya kupangusia viatu. Unyuzi mmoja ni karibu robo ya milimita, ukisokota miwili unapata kamba ya kipimo sawa kabisa. Mama aligundua zulia linanyonyoka kona na akadhani ni panya. Nilimwacha adhani hivyo kwa wiki mbili. Samahani mama.

Kitu ambacho hakuna vidio ya Victory ingenifundisha ni mpangilio. Kwenye yale masanduku unaanza na mataruma, halafu unayavisha mbao. Mtepe ni kinyume. Unaanza na mkuku, unashona mbao zikipanda, na mataruma yanakuja baadaye kushikilia umbo ambalo tayari lipo. Maana yake hakuna kitu cha kukuonyesha tumbo la chombo litapinda wapi. Linapinda vile unavyoukata ukingo wa kila ubao. Jaribio langu la kwanza lilijikunja kama chapati ya jana. Hapo ndipo nilimwelewa yule mzee wa Matondoni, kwa sababu karatasi yangu yote ya vipimo haikunisaidia. Nilifumua mbao sita, nikaanza tena.

Zanzibar waliwahi kujenga mmoja wa ukubwa halisi, 2003, ukawekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Jumba lile lilijengwa 1883, likasalimika mizinga ya Waingereza ya 1896, halafu siku ya Krismasi 2020 sehemu kubwa ikaporomoka yenyewe. Niliposoma hilo niliweka chini sindano nikakaa tu. Sijui kwa nini liliniuma hivyo, sijawahi hata kufika Zanzibar.

Jumamosi iliyopita niliuteremsha mtepe wangu chini, bila tanga bado, kwenye sinki la saruji tunalofulia nguo kwa ploti. Watoto wote wakaja. Ulielea dakika kumi hivi, halafu maji yakaanza kuingia kwenye kila mshono, kila mmoja wa hayo matundu, hadi ukajaa. Watoto wakacheka. Nikauacha ulowe usiku kucha ili mbao na usumba vivimbe, nikaumwaga maji asubuhi, nikaurudisha. Safari hii ulikaa karibu saa nzima na bado unavuja, lakini pole pole. Kabinti ka jirani, ka miaka saba hivi, kakachukua kifuniko cha soda kakaanza kuyatoa yale maji, bila kuambiwa na mtu. Kakaendelea hadi mama akashuka na beseni la nguo akasema tumpishe.