Baiskeli Nyeusi na Hamu ya Kubadilisha Vipuri

Baiskeli iliyowazoesha watu wa Afrika Mashariki magurudumu mawili haikuwa nyepesi, wala haikuwa na gia. Ilikuwa ile nyeusi ya chuma, Raleigh ya Nottingham, yenye breki za vyuma vinavyovuta raba juu ya rimu. Baadaye zikaja Phoenix ya Shanghai na Hero ya Ludhiana, kampuni iliyoanzishwa 1956. Zote zilifuata umbo lile la Kiingereza kwa karibu mno, hata gurudumu la inchi 28 likabaki na kipimo kilekile cha milimita 635 pale tairi linapokalia rimu. Tairi la Mhindi liliingia kwenye baiskeli ya Mwingereza bila ugomvi, na fundi wa chini ya mwembe aliweza kuhudumia mtaa mzima kwa boksi moja la vipuri. Watu husifu chuma cha zamani. Kwa maoni yangu, kilichozidisha umri wa baiskeli zile ni kufanana kwa vipimo kuliko ugumu wa fremu.

Ziliboreshwa, lakini kwa mpangilio wake. Waendesha boda boda wa Busia, waliokuwa wakivusha watu na mizigo mpakani tangu miaka ya 1960, walitia godoro kwenye keria na kuongeza mahali pa abiria pa kukanyaga. Wabeba mkaa nao walichomelea vyuma vya kuimarisha keria na uma wa mbele. Kazi ilitangulia, ikaonyesha panapoelemewa, ndipo fundi akaitwa. Anayeanza kuendesha leo, akiwa na baiskeli ya mtumba kutoka Japani au Ulaya, mara nyingi hugeuza mpangilio huo: ananunua kipuri kabla hajajua safari zake ni za sokoni au za milimani. Tena amerithi mchanganyiko ambao fundi wa zamani hakuujua. Tairi la inchi 26 la baiskeli nyingi za mjini za Kijapani hukaa kwenye rimu ya milimita 590, na la inchi 26 la baiskeli ya milimani hukaa kwenye 559. Namba iliyoandikwa ni ileile, lakini haziingiliani. Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye raba na waya za breki, tairi zilizopasuka, cheni iliyolegea, na grisi mpya kwenye gololi. Huko si kuboresha bali ni kuirudisha baiskeli katika hali yake, na mwanafunzi hahitaji zaidi ya hapo kwa kuanzia.

Mtu atapinga kwamba wale wa Busia walikuwa na kipato kidogo, na kwamba wangepata fedha wangefunga gia. Huenda ni kweli, na kwenye miinuko ya Lushoto gia si anasa hata kidogo. Lakini kufunga gia kwenye baiskeli isiyo nazo kunadai gurudumu jipya la nyuma, uma wa nyuma uliopanuliwa, kifaa cha kuhamisha cheni na mkono wa kukiendesha, kisha fundi anayeweza kuvipatanisha vyote. Gharama hiyo hukaribia bei ya baiskeli nyingine ya mtumba iliyokuja na gia zake, kwa hiyo mkazi wa mlimani achague hiyo tangu dukani. Hoja ya pili ina uzito zaidi: kifaa kizuri humpa mwanafunzi moyo wa kuendelea. Upande wa kiti nakubali bila kusita. Wengi huacha baiskeli kwa sababu ya maumivu ya makalio kabla miguu haijachoka, na kiti hufunguliwa kwa spana moja kikahamia kwenye baiskeli itakayofuata, jambo ambalo gurudumu lililopimiwa fremu moja ya zamani haliwezi kila mara.