Uzi Unaooza

Katika nchi kavu ya Ndithini mkonge huonekana mipakani mwa mashamba, umepandwa kama ua. Mgeni aweza kudhani kuwa ni mmea wa Ukambani tangu zamani. Sivyo, kwani kwao ni Mexico. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, Mjerumani, aliletewa miche kutoka Florida. Miche 1,000 ilisafirishwa, lakini iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Tanganyika.

Wanawake wa Kikamba walisuka vyondo kabla ya mkonge kufika, kwa nyuzi za magome ya mbuyu na ya vichaka. Mkonge nao wakaupokea. Jani hukwanguliwa nyama yake, nyuzi huanikwa juani, kisha husokotwa pajani kwa kiganja cha mkono, kazi inayotaka subira kuliko nguvu. Uzi wake ni imara sana, ila una kasoro moja: ukilala katika udongo wenye unyevu, kuvu na bakteria huula.

Kwa ajili ya kasoro hiyo, na kwa ajili ya bei, watu waliufurahia uzi usiooza. Nailoni ilitengenezwa Marekani mwaka 1935, polipropilini Italia mwaka 1954. Katika miaka ya 1960 kamba za polipropilini ziliingia katika soko la katani, na Tanganyika, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikaona bei ikiporomoka. Vyondo navyo vikaanza kusukwa kwa nyuzi za viwandani.

Lakini sifa ikageuka lawama. Plastiki ilijaa mitaroni na matumboni mwa mbuzi, hata tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ikapiga marufuku mifuko yake.

Siku hizi wataalamu huchanganya katani na plastiki itokanayo na wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Katani huupa uzi nguvu. Tena hufyonza maji na kuyapeleka ndani, nayo kuvu hufuata njia hiyo hiyo. Hata hivyo plastiki nyingi za namna hii huoza upesi katika mboji yenye joto la nyuzi 60 hivi, na maji ya kutosha. Udongo wa Ndithini hukaa miezi mingi bila mvua, na joto lake chini ya uso wa ardhi halifiki hapo. Kinachotangulia kuoza ni katani. Plastiki hubaki na mifereji mitupu pale nyuzi zilipokuwa.