Kawawa: staa wa filamu kabla ya kuwa Waziri Mkuu

Ukilitaja jina la Rashidi Mfaume Kawawa pale Bukoba au Muleba, wazee watakurudisha kwenye vita vya Amin. Yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Ulinzi Oktoba 1978, ndege za Uganda zilipoishambulia Bukoba na askari wa Amin wakavuka mpaka hadi Mto Kagera.

Wachache wanajua kwamba miaka zaidi ya 20 kabla ya hapo, sura yake ilikuwa kwenye sinema.

Kawawa alizaliwa Songea mwaka 1926, akasoma Tabora, kisha akaajiriwa serikalini kwenye idara ya maendeleo ya jamii. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilikuwa inajaribu kutengeneza filamu za Kiswahili huku Tanganyika, za kuburudisha na kufundisha kwa pamoja. Kijana huyu akapewa nafasi ya mbele. Alicheza Muhogo Mchungu (1952), pia Chalo Amerudi na Meli Inakwenda.

Hakukaa sana kwenye uigizaji. Mwaka 1955 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Januari 1962, Nyerere alipojiuzulu, Kawawa akawa Waziri Mkuu. Si mchezo: miaka 10 tu tangu Muhogo Mchungu!

Alifariki Desemba 31, 2009, akiwa na miaka 83. Wengi walimwita Simba wa Vita. Jina la mwigizaji halikumganda.