Farasi, Mizigo na Dau

Wasikilizaji wetu, huenda mtastaajabu kuona kwamba twataka kunena habari za mashindano ya farasi kwa watu wa Kilwa na Lindi, ambako mtoto aweza kukua hata akaota ndevu asipate kumwona farasi ila katika picha. Lakini kuna sababu, na sababu yenyewe ni daftari la mwanafunzi mmoja, tutakalolieleza baadaye. Kwanza tuanze kwa Kilwa yenyewe.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Alipoondoka alisafiri kwa bahari mpaka Dhofar, na huko akaandika kwamba farasi wazuri hupakiwa vyomboni kwenda Bara Hindi. Basi njia ya bahari kutoka Kilwa ilifika penye bandari ya farasi, wala farasi hawakupata kustawi kwetu. Adui yao ni mbung'o. Mwaka 1895, katika nchi ya Wazulu, daktari David Bruce alionyesha kwamba mdudu huyo huchukua vijidudu viuavyo mifugo. Katika Vita Kuu ya kwanza jambo hili lilionekana kwa uchungu: majeshi ya Kiingereza yaliingia Kilwa mwaka 1916, na mwaka 1917 wakapigana bara ya Kilwa na ya Lindi, na katika vita hivyo vya Afrika Mashariki wanyama wa kupanda na wa mizigo wakafa makumi ya maelfu. Mizigo ikawekwa juu ya vichwa vya wapagazi, nao pia wakafa kwa makumi ya maelfu.

Hata hivyo sheria za mashindano ya farasi zilisomwa pwani hii. Kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, chajulikana sana kwa wanavyuoni wa Kishafii, nacho kina mlango mzima wa mashindano ya farasi na ya mishale. Wasema kwamba mwanzo wa mbio na mwisho wake sharti ujulikane. Farasi wenyewe watajwe. Tena iwe yamkini kwa kila mmoja kushinda. Wapandaji wawili wakiweka mali wote wawili ili mshindi achukue, hiyo ni kamari, ila aingie mtu wa tatu asiyetoa kitu, na farasi wake awe sawa na wao. Mtu huyo huitwa muhalili. Angalieni neno lile: farasi wake awe sawa. Hapo tayari pana swali la kupima. Nani ajuaye kwamba farasi huyu ni sawa na yule?

Waingereza walilijibu swali hilo kwa uzito. Mwaka 1855 Admirali Henry John Rous alifanywa mpimaji wa mashindano ya farasi. Kazi yake ilikuwa kumtazama kila farasi katika mbio zilizopita, kisha kumpa aliye hodari mzigo mkubwa zaidi, na aliye dhaifu mzigo mdogo, ili wote wakaribiane mwishoni. Ratili zilizopungua hutimizwa kwa vipande vya risasi vilivyotiwa katika tandiko. Rous alitengeneza pia orodha ya uzito kwa umri: farasi mchanga apewa nafuu, na nafuu hiyo hupungua mwezi baada ya mwezi kadiri anavyokomaa.

Mtu wa dau hufanya kazi iyo hiyo kwa upande wa pili. Ajaribu kumjua farasi aliyepewa mzigo mdogo kuliko anavyostahili. Huwa na daftari lake, akaandika kila farasi alishika nafasi ya ngapi, mbio zilikuwa ndefu kiasi gani, alichukua ratili ngapi, uwanja ulikuwa mkavu au tope, nani alimpanda. Kila jambo hulipa thamani yake, akajumlisha, mwisho akagawanya mia moja kati ya farasi wote: huyu 50, huyu 30, huyu 20. Hicho ndicho kipimo chake mwenyewe. Kazi hii si upuzi, maana farasi ana miguu na mapafu na umri, na mambo hayo hayabadiliki ovyo.

Taabu ni kwamba wenzake nao wana madaftari. Katika miaka ya 1860 Joseph Oller alibuni njia ya kuweka madau yote katika fungu moja, na mwaka 1913 mashine ya George Julius ya kuhesabu mafungu hayo ilianza kazi katika uwanja wa Ellerslie, New Zealand. Tuseme fungu lina shilingi 1,000: farasi wa kwanza amewekewa 500, wa pili 300, wa tatu 200. Wenye uwanja watoa 200 zao, zasalia 800. Wa kwanza akishinda, kila shilingi yalipwa shilingi moja na senti 60. Ikiwa kweli hushinda mara 50 katika 100, aliyeweka shilingi moja kila mara ametoa 100 akapokea 80. Fanyeni hesabu ya farasi wa pili na wa tatu, mtapata 80 ile ile. Basi hafai kujua tu kwamba farasi ni mzuri. Watu wote wamekwisha kujua. Ili apate faida, farasi yule wa kwanza sharti ashinde walau mara 63 katika 100, hali watu wamemkadiria 50.

Wako waliofaulu, ila ni wachache mno. Mmarekani William Benter alianza kazi hiyo Hong Kong katika miaka ya 1980, ambako farasi wale wale hushindana mara kwa mara katika viwanja viwili, Happy Valley na Sha Tin. Alitia habari zao katika kompyuta, na mwaka 1994 akaandika wazi jinsi alivyofanya. Nasi twaona lililo kubwa katika maneno yake ni hili: kipimo chake peke yake hakikutosha, alilazimika kukichanganya na makadirio ya watu waliokwisha kuweka madau. Hata yeye, pamoja na mashine zake, aliona kwamba umati una elimu asiyo nayo.

Sasa tulirudie daftari. Kijana mmoja wa chuo chetu cha ualimu alituletea, akasema, "Mwalimu, nimepata kipimo changu." Lilikuwa safi, limepigwa mistari kwa rula, lina majuma matatu ya mashindano ya farasi sita sita. Tukamwuliza ni uwanja gani, labda Ngong kule Nairobi, kwenye mashindano tangu mwaka 1954? Akasema la, ni duka la dau mjini Lindi, farasi hukimbia katika kioo kila baada ya dakika chache.

Wasikilizaji, farasi hao ni picha. Kompyuta huchagua mshindi kwa namba za nasibu, kisha huonyesha mbio. Namba 4 aliyeshinda jana si mnyama anayelala zizini akaamka leo na nguvu zake. Leo ni picha nyingine yenye namba ile ile. Hana umri wala tope, hakuna kilichobaki cha kupima. Yule kijana alikataa. Alituonyesha kwamba kipimo chake kilipata mbio nyingi za daftari lile, naye alisema kweli, kwa kuwa alikitunga kwa kutazama mbio zizo hizo. Ni kama mtu apangaye mtihani baada ya kusoma majibu.

Tukamwomba aandike mshindi kabla ya kila mbio, bila kuweka senti, nasi tutunze karatasi. Alifanya hivyo kwa mbio 60, akapata 11. Asiyejua lolote, akitaja namba yoyote katika farasi sita, hutazamiwa kupata 10.

Alizisoma karatasi mara mbili. Kisha akatueleza kwamba fedha za korosho alizoletewa na mama yake kwa ajili ya chakula cha muhula zilikwisha katika juma la pili, akatusihi tusimwandikie mama. Hatukuandika; tulimwambia aandike mwenyewe, na barua tuliipeleka posta pamoja naye.