Alama Zinazopotea Kati ya Swali na Jibu: Hisabati ya Kidato cha Nne na Safari ya Chuo Kikuu kutoka Tingi

Mwanafunzi wa Tingi, wilayani Kilwa, anayetamani kusomea biashara au uhandisi chuo kikuu huanza kuchujwa mapema kuliko anavyodhani. Tahasusi za PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) hudai alama nzuri ya Hisabati kidato cha nne. Hata anayepita tahasusi nyingine hukuta baadaye kwamba programu kadhaa za biashara na uchumi humrudisha kwenye cheti kilekile cha kidato cha nne, iwapo hakusoma Hisabati kidato cha tano na cha sita. Mtihani wa Novemba, kwa hiyo, ni mtihani wa chuo kikuu unaofanywa miaka miwili na zaidi kabla ya wakati wake.

Mwaka 2022 ni takriban asilimia 20 tu ya watahiniwa nchini waliofaulu somo hili; mwaka 2023 wakafika takriban asilimia 25. Lawama huangukia uhaba wa walimu, na uhaba huo upo kweli. Hakuna mbinu ya kusoma itakayouziba. Pamoja na hayo, naamini alama nyingi huwaponyoka wanafunzi wanaojua kukokotoa lakini hawajazoezwa kuandika wanachokokotoa.

Tuchukue msimu wa ufuta. Tuseme mnada umefunga kwa shilingi 3,200 kwa kilo, makato ni shilingi 150 kwa kilo, na mzee amelipwa shilingi 1,220,000. Aliuza kilo ngapi? Kijana aliyezoea kumsomea baba yake karatasi ya malipo ya chama cha msingi ataondoa makato, abaki na 3,050, agawanye, aseme 400. Huo ni mlinganyo kamili. Mpe sasa swali la namna hiyo kwa Kiingereza, lugha iliyochukua nafasi ya Kiswahili alichosomea Hisabati miaka saba ya msingi, uone anavyoliruka au anavyoandika jibu tupu. Hakuandika kwamba kilo ni x, wala kwamba 3,050x = 1,220,000. Akikosea kugawanya, msahihishaji hana cha kumpa.

Karatasi ya mtihani yenyewe inasema wazi kwamba kazi yote ionyeshwe. Kwa muundo uliotumika miaka mingi, ina maswali 14 kwa saa tatu: Sehemu A maswali 10 ya alama 6 kila moja, Sehemu B maswali manne ya alama 10. D huanzia 30, C huanzia 45. Aliyepata nusu ya Sehemu A ameshafika D kabla hajafungua Sehemu B, na sehemu hiyo ya kwanza imejaa namba, vipeo, logi, uwiano na aljebra, yaani mada ambazo kwa kiasi kikubwa ni za kidato cha kwanza na cha pili.

Ndiyo maana sikubaliani na kambi za masomo za Septemba na Oktoba zinazokimbilia mada ngumu za mwisho. Mwanafunzi mwenye alama 18 hapandi kufika 45 kwa kukariri matrisi huku sehemu na asilimia zikimshinda. Arudishwe nyuma, na bila kuonewa haya. Mwalimu alieleze wazo kwanza kwa Kiswahili, kisha darasa liliandike kwa lugha ya mtihani, mstari kwa mstari, kila siku. Wanaohofia kwamba Kiswahili kitadhoofisha Kiingereza cha mtahiniwa wanasahau kwamba asiyeelewa swali hana cha kuandika kwa lugha yoyote.

Mtihani wa majaribio nao usahihishwe kwa alama za hatua, si kwa vema na kosa tu, na karatasi zirudishwe mapema, wakati mwanafunzi bado anakumbuka alichokuwa anawaza. Shule nyingi hubandika matokeo ukutani na kuziweka karatasi kabatini. Karatasi hizo ndizo zinazoonyesha ni mstari gani uliompotezea kila mmoja alama, na kazi ya kuzipitia pamoja na wanafunzi inastahili vipindi vyake kwenye ratiba ya muhula wa pili.