Chumba cha darini (Mji Mkongwe, Zanzibar)

Chumba cha darini ni nafasi iliyo chini ya bati ambayo mwenye nyumba huigeuza makazi. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa na paa bapa la mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Mapaa ya bati yaliongezwa baadaye kuzuia mvua, ndipo nafasi hiyo ikapatikana.

Kibali cha kuigeuza nafasi hiyo hutolewa na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Tangu mji uingie katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, urefu wa majengo na umbo la mapaa vimekuwa jambo la kimataifa. Kuinua ukuta hata kidogo ili mtu asimame wima ni ujenzi, si ukarabati. Nyumba za serikali na za wakfu, ambazo ni nyingi, haziguswi bila ridhaa ya mwenyewe.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa si karatasi bali boriti. Urefu wake, karibu mita 3, ndio uliopanga upana wa vyumba vya chini, na ncha zake huoza ukutani maji yanapopenya. Choo au tangi la maji darini huleta mzigo na unyevu kwa pamoja. 

Masharti ya kibali hicho ni ya Mji Mkongwe tu; mtaa wa Amani, kwa mfano, uko nje ya eneo hili la uhifadhi. Huko ujenzi hufuata taratibu za kawaida za mipango miji, zenye mizizi katika amri ya mwaka 1955.